Dozi ya saa nne usiku

Jumapili, jioni

Kuna jambo moja kuhusu wazee wanaofikia mwisho wao hospitalini ambalo halinitoki akilini. Wengi hawateseki kwa kukosa dawa. Hapa Uganda mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ipo, na mgonjwa hailipii. Wanateseka kwa sababu dawa inayotakiwa kila baada ya masaa 4 inatolewa mchana, kisha usiku unapita mtupu. Kufikia alfajiri maumivu yamekwisha kujijenga upya, na dozi ya asubuhi inaishia kuyakimbiza tu.

Kwa Uganda hili linauma zaidi, maana kazi ngumu ilishafanywa. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, hospisi ya kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993, na mofini ya unga ikaanza kuchanganywa na maji hapa hapa nchini. Tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuiandika wenyewe bila kumngoja daktari. Kilichobaki ni kutunza saa. Na zamu ya usiku sista ana wodi nzima mikononi, kwa hiyo mtunza saa wa kweli ni ndugu aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Huyo ndiye wa kufundishwa.

Mofini ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Nyekundu ina miligramu 50 katika kiasi hicho hicho, yaani nguvu mara kumi, ndiyo maana dawa isihamishwe kamwe kwenye chupa ya soda isiyo na alama. Mzee dhaifu kwa kawaida huanzishiwa miligramu 2.5: mililita mbili na nusu za kijani, kwa sirinji isiyo na sindano. Anayeuguza aivute mwenyewe huku sista akitazama. Sirinji iwe usawa wa macho, aigonge kidogo kwa kidole mapovu yapande, ayasukume nje, kisha aimimine dawa polepole ndani ya shavu. Asiyesoma abandikiwe kipande cha plasta pale mstari unapoishia. Saa zenyewe ni kumi na mbili asubuhi, nne, nane mchana, kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku anapewa dozi moja iliyo mara mbili ya kawaida ili alale mpaka asubuhi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa. "Sista, mzee amelala vizuri, nimwamshe kweli?" Mwamshe. Akishameza atalala tena.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, mara nyingi kwa uchovu wa usiku mwingi bila usingizi. Hilo lisiwatishe. La kutisha ni kutoamshika, kupumua polepole mno, misuli kurukaruka au kuona watu wasiokuwepo. Hapo fikiria figo, na kabla hujailaumu mofini uliza alichomwa sindano gani kwenye duka la dawa kabla ya kuletwa. Wazee wengi hufika wakiwa wameshadungwa diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, mara kadhaa kwa ajili ya mgongo au nyonga. Diklofenaki hubana figo za mzee aliyekaukiwa maji, na mofini inayopaswa kutoka kwa mkojo inabaki mwilini ikirundikana. Dawa ni kuacha sindano hizo, kupunguza dozi au kuipeleka kila masaa 6 hadi 8, na kutoirudufisha ile ya usiku.

Choo nacho. Mofini inafunga tumbo siku zote, kwa hiyo bisakodili, dawa ya kulainisha choo, miligramu 5 kila usiku inaanza siku ile ile mofini inapoanza. Isipokuwepo, kijiko cha chai cha mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa husaidia. Mzee "anayeharisha" maji kidogo kidogo baada ya siku nyingi bila choo apimwe kwa kidole njia ya haja kubwa kwanza, maana mara nyingi ni choo kigumu kimeziba na maji yanapenya pembeni. Ukimpa dawa ya kuzuia kuhara umemwongezea mateso. Vivyo hivyo anayehangaika kitandani na kuvua nguo bila kusema kitu: papasa chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa hutulizwa kwa mpira wa mkojo, wala si kwa dawa ya usingizi.

Akishindwa kumeza, saa haisimami. Mofini ile ile ya maji, kwa kiasi kile kile, hupitishwa njia ya haja kubwa kwa sirinji. Familia ielezwe hili mapema, maana likisemwa usiku wa mwisho watalikataa kwa aibu.

Kisha kuna dripu. Ndugu huona kuitoa ni kumwua, na ninaelewa. Lakini mwili unaozima hauwezi tena kuyatumia maji yale. Yanajaa miguuni na kwenye mapafu, na mzee anapumua kama anazama. Kinywa kikavu ndicho kinachomsumbua, nacho hutibiwa kwa kitambaa laini kilicholowa maji yenye chumvi kidogo, kila baada ya masaa 2, na mafuta midomoni. Uji usisukumwe kwa kijiko. Kooni kukianza kukoroma, mlaze ubavu. Hayosini butilbromaidi, dawa ya kukausha ute, ya miligramu 20 yaweza kupunguza, ingawa haiondoi kilichokwisha kukusanyika. Pumzi itakata, itarudi, itakata tena kwa muda mrefu. Semeni naye.

Kuhusu kumpeleka nyumbani, iamuliwe angali anaweza kukaa kwenye kiti cha gari. Familia zinajua kusafirisha maiti hadi kijijini ni ghali kuliko kumsafirisha mtu hai, na si dhambi kulitaja hilo wodini kwa upole. Aondoke na mofini ya kutosha, bisakodili, karatasi yenye saa zote tano, na namba ya hospisi au kituo cha afya kilicho karibu chenye mofini. Dawa ikae mahali pa baridi pasipo jua, mbali na watoto. Itakayobaki baada ya mazishi irudishwe kwa aliyeitoa, wala asipewe jirani anayeumwa jino.