Kimya cha Kitanda cha Tatu

Mtoto alikuwa wa miaka 4, kilo 16, katoka kukatwa mafindofindo. Mpira wa kupumulia ulitolewa kooni akiwa katikati ya usingizi wa dawa na kuamka: uso kaukunja, macho hayafunguki. Hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Ama utolewe akiwa amezama kabisa usingizini, ama ameamka kabisa. Hapo katikati hata tone la damu likigusa nyuzi za sauti, zinajifunga.

Tulimlaza ubavu, akawa anakoroma. Mkoromo ukawa kifilimbi kila akivuta pumzi. Kisha kimya.

"Afadhali ametulia," sista wa zamu akasema.

Nikatazama kifua. Kilikuwa kinabonyea huku tumbo likipanda, na ndani ya barakoa hapakuwa na ukungu. Oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 97, nikifika kichwani pake 85. Kwa kila kilo, mtoto hutumia oksijeni karibu mara 2 ya mtu mzima, na akiba yake ni ndogo.

"Sista, sakshen!"

Tukafyonza damu mara moja tu, maana kuchokonoa koo huzidisha mkazo. Nikaibana barakoa usoni kwa mikono miwili, oksijeni tupu, valvu ya mfuko wa kupumulishia nimeikaza ubaki umejaa. Vidole nikavikandamiza nyuma ya ndewe za masikio, kwenye kishimo cha juu ya pembe ya taya, nikiisukuma taya mbele. Sikuukamua mfuko kwa nguvu: hewa isiyopita kooni huingia tumboni, na tumbo likijaa mtoto hutapika.

Oksijeni ikafika 62. Mapigo yakashuka kutoka 130 hadi 70. Nikampa atropini ya kupandisha mapigo, mikrogramu 320, kisha suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 16, yaani 1 kwa kila kilo, iliyokuwa tayari kwenye bomba tangu asubuhi. Asingekuwa na kanula, kile kimpira cha kwenye mshipa, tungemchoma msulini, miligramu 4 kwa kilo. Nyuzi zikaachia. Mfuko uliokuwa mgumu kama mpira wa miguu ukalainika mkononi, kifua kikainuka. Ulaini ule naukumbuka mpaka leo.

Tulimpumulia hadi dawa ilipoisha, kisha tukamwangalia kwa muda wa saa 4, kwa kuwa anayevuta pumzi kwa nguvu koo limefungwa anaweza kujaa maji mapafuni na kutoa povu la waridi. Halikutoka.

Jioni nilimuuliza mama yake habari za mafua.

"Yaliisha wiki iliyopita, daktari. Asubuhi niliulizwa kama anayo, nikasema hana."

Mafua yakiisha, njia za hewa hubaki zimechokozeka kwa wiki kadhaa. Nikaichukua fomu, na pale palipoandikwa "Ana mafua?" nikaongeza kwa kalamu: "au aliugua lini mara ya mwisho?"