Ghala la Kahawa Linalogeuzwa Nyumba ya Wageni, Sipi

Kutoka Moshi hadi Sipi, mashariki mwa Uganda, ni safari ya kuchosha, na sehemu kubwa yake haina cha kusimulia: Namanga, Nairobi, basi la usiku, foleni ya Malaba. Tororo ndiyo iliyonizindua usingizini, na lile jiwe lake kubwa linaloonekana kabla hujauona mji. Baada ya Mbale gari likaanza kupanda Mlima Elgon, na pembeni mibuni imesimama chini ya migomba, nikahisi nimerudi Uchaggani. Kilichonikumbusha kwamba niko ugenini ni tambarare za Teso zilizotandazwa chini kule hadi macho yanachoka.

Nilikuwa nimefuata ghala. Babu alituachia ghala la kahawa linaloporomoka, na ukoo umegawanyika: wengine wanataka livunjwe matofali yauzwe, sisi wengine tunataka wageni walale humo. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Sipi ambaye alikuwa ameshaanza. Sipi ina maporomoko matatu, refu kuliko yote likishuka takriban mita 100, na wageni huja kuyatazama na kunywa arabika palepale inapolimwa. Kitanda hakikosi mtu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, kijana wangu. Kilimanjaro mmeiacha salama?”

Wasabiny, wenyeji wa huku, wengi wanakimudu Kiswahili, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Akanitembeza. Kahawa iliyokaushwa, ikiwa bado na ganda lake, hunyonya unyevu na harufu ya chochote kilicho jirani, na waliojenga lile ghala walilijua hilo. Sakafu ya mbao imenyanyuliwa juu ya nguzo fupi za mawe ili upepo upite chini. Juu, karibu na kenchi, kuna matundu yenye waya wa kuzuia panya. Milango ni ya mvule, na mchwa wameiogopa miaka yote hiyo. Mzee hakuziba hata tundu moja. Kwa hili namvulia kofia, maana nimeona nyumba za namna hii zikifungwa dari na vioo kila upande, kisha mwenyewe anashangaa ukungu unatoka wapi.

Ukutani ndiko nilikokaa sana. Matofali ni ya kuchoma ya zamani, laini, yamejengwa kwa udongo. Miaka ya nyuma kuna aliyeyapiga lipu ya saruji ili yapendeze. Fundi alikuwa akiibandua kwa tindo, taratibu, na kila kipande kilichoanguka kilitoka na uso wa tofali. Nikapitisha kidole: unga mwekundu, umelowa. Maji hupanda kutoka ardhini, au huingia kwa ufa, na saruji ngumu haiyaachi yatoke. Yakikwama, tofali linaliwa ndani kwa ndani huku nje ukuta unang'aa.

Lipu mpya ni debe moja la chokaa iliyolowekwa kwa madebe matatu ya mchanga. Fundi alikuwa anaipaka nyembamba, kisha anaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, na jua likiiwahi inapasuka. Kwa mwenye haraka hii ni adhabu.

Nikauliza kuhusu kuezeka kwa nyasi, wageni si wanazipenda? Mzee akatikisa kichwa. Akanitajia makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa wafalme wa Buganda: jumba lake kuu la nyasi liliungua Machi 2010, na UNESCO haikuyaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Kule uezekaji ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wenye ujuzi wao. “Mimi nitampata wapi Mngeye huku?” Mabati yamebaki, yamepakwa rangi tu.

Bafu nalo amelijenga nje, hatua chache kutoka mlangoni, asipitishe mabomba kwenye ukuta wa zamani. Wageni watanung'unika usiku wa mvua, na mvua ya Elgon haina adabu. Hata hivyo nadhani yuko sahihi.

Kabla sijapanda boda kwenda Kapchorwa nilimuuliza fundi kama angekubali kuja Moshi. Akafuta mikono, akataka kujua nauli ni ya nani, chakula ni cha nani, na kama ndugu zangu wanaotaka kuvunja wameshakubali. La tatu sikuwa na jibu, akasema basi nianze na hilo.