Lenzi mbili ndefu: ya mbugani na ya uwanjani

Kabla ya kuuliza bei ya lenzi ndefu, mimi hupiga hesabu ya umbali. Sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha, ikiwa ya ukubwa uitwao fremu kamili, ina upana wa milimita 36. Gawanya 36 kwa urefu wa fokasi, ile namba ya mm iliyoandikwa kwenye lenzi, zidisha kwa mita zilizo kati yako na unachopiga, utapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Kwa mita 50, lenzi ya 200 mm inachukua mita 9, ya 400 mm mita 4.5, ya 600 mm mita 3. Simba aliyejinyoosha anaijaza hiyo ya mwisho vizuri. Mbayuwayu anabaki nukta. Wenye sensa ndogo ya APS-C wana nafuu, maana 400 mm yao kwenye Nikon au Sony inavuta kama 600.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ndiyo iliyoniamulia lenzi ya kwanza. Mle hushuki garini ila sehemu zilizotengwa, wala huachi barabara kumfuata faru, kwa hivyo lenzi ndiyo isogee. Nilichukua Nikon 200-500mm f/5.6. Zile za 150-600mm za Sigma na Tamron zinavuta zaidi, lakini zikifika mwisho tundu la kupitisha mwanga linabana hadi f/6.3 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), na kwenye DSLR yangu, kamera ya kioo ndani, pointi nyingi za fokasi zimeundwa kwa f/5.6. Sigma ya Contemporary ina karibu kilo 1.9, hii yangu 2.3, anayebeba kutwa nzima afikirie hilo. Mwenye kamera ya Nikon D90 au D200 asiinunue hii yangu kabisa: tundu lake linaendeshwa kwa umeme, na kamera hizo haziwezi kuliongoza.

Tripodi garini ni mzigo mtupu. Nilimpa fundi cherehani mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, akashona mfuko, nikatia maharagwe kilo tatu. Usiujaze pomoni, ubaki na ulegevu ili lenzi izame. Uweke juu ya kioo kilichoshushwa nusu, na uzime injini, kwani mtetemo wake unaonekana waziwazi kwenye 500 mm. Ingia lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia saa nne jua likiwa kali, hewa inachezacheza juu ya nyasi, na mnyama aliye mbali anatoka kama amepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata ya milioni.

Uwanjani mambo hugeuka: mwanga ndio unaopungua, si mita. Saa kumi na moja jioni kivuli cha jukwaa kikishalala juu ya nyasi, picha inayohitaji ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 1600 kwa f/2.8 na shata inayofunguka kwa 1/1000 ya sekunde itadai ISO 6400 kwa f/5.6. Kwa hivyo lenzi ya pili ni 70-200mm f/2.8. Nikikaa nyuma ya mstari wa goli karibu na kona, kamera nikiisimamisha wima, mchezaji aliye mita 20 anaingia mzima kuanzia nywele hadi njumu, na mabango nyuma yake yanayeyuka. Wa katikati ya uwanja namwacha. Telekonveta ya 1.4, kile kipande cha kukuza kinachokaa kati ya lenzi na kamera, hunipa 280 mm kwa f/4 mchana; ya 2 inakula mwanga mno. Kizuia mtikisiko kinatuliza mikono yako tu, hakimsimamishi mshambuliaji. Na taa za usiku zinazofuata umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo picha moja inang'aa na inayofuata inafifia. Washa kipengele cha kuzuia kupepesa ikiwa kamera yako inacho.

Lenzi iliyotumika usiinunue bila kuijaribu kwenye kamera yako mwenyewe. Mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma: chembe za vumbi hazina neno, ila nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, rudisha. Zungusha pete ya kuvuta polepole ukisikiliza mchanga. Vumbi la murram likiingia mle, linasaga. Kisha bandika gazeti la Taifa Leo lililofunguliwa ukutani, kaa mita 6, kamera juu ya meza ikitazama ukuta sawasawa, 500 mm, tundu wazi kabisa, kizuia mtikisiko kimezimwa, shata kwa taima ya sekunde 2. Kuza kila kona kwenye skrini. Zote zikififia kidogo kwa usawa ni kawaida. Kona moja ikiwa uji huku tatu zinasomeka, kuna kioo kimekaa upande, mara nyingi kwa sababu lenzi iliangushwa. Washa sasa kizuia mtikisiko na ubonyeze shata nusu: picha itulie, isirukeruke. Mwisho angalia skrubu za pete inayoshika kamera. Zikiwa zimekwaruzwa vichwa, muulize muuzaji nani aliifungua, na kwa nini.