Leo ni Mimi

Leo mchana, kabla sijabonyeza simu, mama muuza omena aliweka kibeti chake mapajani akasema, "Mwanangu, leo ni mimi." Nikabonyeza. Ikatoka 12, nambari yake. Watu wakanyamaza wakaniangalia.

Chama chetu hapa Kisumu kina watu 16, wengi wao ni wauzaji wa soko la Kibuye. Kila Jumapili tunachanga, mmoja anapokea. Zamani tulipiga kura kwa vikaratasi. Mwaka huu nikaandika programu ndogo ichague yenyewe, kwa sababu mimi ndiye mweka hazina na sikutaka mkono wangu utiliwe shaka.

"Ulijuaje, Mama?"

"Duru iliyopita nilipokea baada ya yule wa vitenge. Jumapili iliyopita yeye amepokea. Na anayenifuata mimi ni fundi wa viatu. Ngoja uone."

Fundi ni nambari 15. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: kweli, ingefuata 15.

Kanuni niliyoitumia ni hii. Chukua nambari iliyotoka, zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, ushike baki. 7 inakupa 38, baki 6. 6 inakupa 33, baki 1. Ukiendelea unapata 7, 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, kisha 7 tena. Hakuna aliyerukwa, hakuna aliyepokea mara mbili. Sikubahatisha hapo. Mwaka 1962 wataalamu wa hesabu Hull na Dobell walithibitisha masharti ya kuzunguka nambari zote: kiongezo (kwangu 3) na kigawanyo (16) visishiriki kigawo chochote zaidi ya 1, kizidishi (5) ukikipunguza 1, kigawanyike kwa kila kigawo tasa cha kigawanyo, na kwa 4 pia ikiwa kigawanyo chenyewe kinagawanyika kwa 4. Tano toa moja ni nne. Nilifurahi sana siku ile.

Nisichokitazama ni kwamba duara ni lilelile daima. Mbegu, yaani nambari ya kuanzia, inakuambia tu utaingilia wapi. Duru ya kwanza nilianza na 7, hii ya pili na 10, nikadhani nimewachanganya watu upya. Wapi! 5 bado anamtangulia 12, na 12 bado anamtangulia 15. Tazama tena ule mfululizo: witiri, shufwa, witiri, shufwa, hadi mwisho. Kigawanyo kikiwa 2 iliyozidishwa yenyewe mara kadhaa, na mzunguko ukiwa kamili, ndivyo inavyokuwa.

Jioni nimekaa na penseli kujaribu za aina nyingine. Nikiondoa ile 3 ya kuongeza, nikaanza na 1, napata 5, 9, 13, halafu 1 tena. Watu wanne wangezungushiana pesa na kumi na wawili wangechanga bure. Moyo umenidunda nilipoiona kwenye karatasi.

Lakini bila kuongeza chochote, kigawanyo kikiwa nambari tasa, mambo hubadilika. Nimetumia 17 na kizidishi 3: 1, 3, 9, 10, 13, 5, 15, 11, 16, 14, 8, 7, 4, 12, 2, 6. Wote 16 wamo, wala sifuri haitokei kamwe (mama wa nyanya, niliyempa 0, hajawahi kuipenda). Mwanahisabati D. H. Lehmer, aliyeleta njia hii ya kuzidisha na kushika baki mwaka 1949, naye hakuongeza kitu: alizidisha kwa 23 na kugawanya kwa 100,000,001. Park na Miller, mwaka 1988, walipendekeza 16,807 na nambari tasa 2,147,483,647.

Hata hivyo, jumlisha 1 na ya nane baada yake, 16. Unapata 17. 3 na 14, 17. 9 na 8, 17. Mama angeling'amua hili pia, ningempa duru mbili.

Kuna kanuni moja ya aina hii iliyoitwa RANDU, ya kompyuta za IBM za miaka ya 1960. Kila nambari yake ni ile iliyotangulia mara 6, kutoa ya kabla yake mara 9, kisha baki. Ukizipanga tatu tatu kama nukta ndani ya mchemraba, zote zinalala kwenye bapa 15 tu. Wanasayansi waliitegemea katika kazi zao. Nao walikuwa na majirani wasiobadilika.

Nimempigia Mama simu.

"Kwa hiyo hukunipendelea?"

"Hapana, Mama. Wala sikumwibia mtu."

"Basi Jumapili waambie wenzangu, na hiyo hesabu uiandike kwa kalamu waione."

Nimeshakata vikaratasi 13, vya wale ambao hawajapokea duru hii. Bakuli ataleta yeye.