Siku moja na ripita ya mtumba

Saa 2 asubuhi. Ripita, mashine inayopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha tena ifike mbali, iko mezani. Imetumika kibiashara kwa miaka, sasa klabu ya redio za ridhaa (wanaorusha kwa kujifurahisha, si kwa biashara) inaitaka ipokee 145.000 na irushe 145.600 megahezi. Kibandiko chake kinasema 146 hadi 174, yaani tunaishusha chini ya pale mtengenezaji alipoahidi.

Saa 3. Programu imekubali masafa mapya bila ubishi, lakini VCO, saketi inayozalisha masafa yenyewe kwa kufuata volti, imegoma. Nazungusha skrubu yake taratibu mpaka volti ya udhibiti itulie katikati, kisha nashusha koili za kuchuja za kipokezi. Ishara ya robo ya maikrovolti inasikika safi.

Saa 5 mwenye mzigo kaingia.

"Fundi, bado tu? Si ni kubadilisha namba?"

"Mzee, namba nilimaliza saa tatu. Sasa niko kwenye makopo."

Makopo sita ya dipleksa, kichujio kinachoruhusu kurusha na kupokea kwa antena moja, hapo ndipo siku inapoishia. Zamani kurusha na kupokea vilipishana kwa megahezi kadhaa; sasa ni kilohezi 600 tu, antena moja, na wati 25 zinatoka palepale panaposikilizwa mnong'ono. Kila kopo lipitishe masafa moja na lizime mengine, na kila upande ukate desibeli 80 na ushee. Nalivuta shimo, yaani pale masafa yanapozimwa, kwenye mchoro wa analaiza, linakaa pake, nakaza nati, linahama. Nalegeza, nalipitisha kidogo makusudi ili kukaza kulirudishe. Nikimaliza la pili, la kwanza limeteleza. Mzee kavuta kiti, anauliza kila nikishika bisibisi. Nikamwomba asiegemee meza. Nilikuwa mpole kuliko nilivyojisikia.

Alasiri, saa sijaangalia. Mashimo yamekaa, lakini nikiwasha transmita ishara dhaifu inazama kwenye mvumo. Makopo hayana kosa: zile kebo fupi za kuunganishia zina kinga nyepesi, zinavuja. Nikazibadilisha zote kwa zenye kinga maradufu, mvumo ukakatika. Hapa nilicheka peke yangu.

Jioni mambo mepesi: toni ya hezi 88.5 ya kuifungulia ripita, kitambulisho kwa Morse, kikomo cha dakika 3 kwa wasemaji wasiokata.

Mzee akataka kuibeba. Nikakataa. Ilale ikirusha kwenye mzigo bandia, unaomeza nguvu badala ya antena, makopo yapate moto, kesho nipime tena. Kaondoka kanuna.