Sauti ya Diouana, Kimya cha Collé

Nimeitazama La Noire de..., filamu ya mwongozaji Msenegali Ousmane Sembène, mara tatu, na mara zote nimeisimamisha mahali palepale. Diouana, binti wa Dakar anayefanya kazi za ndani kwa mume na mke Wafaransa katika mji wa Antibes, amepata barua kutoka kwa mama yake. Kwa kuwa hajui kusoma, bwana mwenye nyumba anamsomea, kisha anachukua kalamu na kuanza kumjibu mama huyo kwa maneno ambayo Diouana hakuyatamka. Diouana haangui kilio wala hajibishani naye. Anaichukua barua na kuichana.

Huisimamisha hapo kwa sababu ya binti wa mama yangu mdogo, aliyefanya kazi za ndani Uarabuni kwa miaka miwili. Kila alipopiga simu alitueleza kwamba yu mzima, kwamba watu wa nyumba ile ni wema, kisha akatusalimia wote na kukata, na ilikuwa hivyo mwezi baada ya mwezi. Bibi ndiye aliyeng'amua mapema. Alirudisha simu mezani na kusema, "Sauti ni yake, lakini maneno si yake." Baadaye tuliambiwa kwamba mwenye nyumba alikuwa akisimama kando yake hadi simu iishe.

Ousmane Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923, akafanya kazi ya ukuli katika bandari ya Marseille, akaandika riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza sinema alipokuwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini. Filamu hii aliitoa mwaka 1966. Sifa anayopewa mara nyingi ni kwamba aliwatetea wanawake, nami naiona sifa hiyo kuwa pana mno, kwa maana wapo waongozaji wengi waliowatetea wanawake kwa kuwaliza mbele ya kamera ili watazamaji wawahurumie. Alichofanya Sembène ni kuchunguza, filamu baada ya filamu, nani anayeruhusiwa kusema, anasema kwa lugha ya nani, na lini kunyamaza kwa mwanamke ni uamuzi wake mwenyewe.

Tazama jinsi Diouana alivyopata kazi. Wasichana wamekaa pembeni mwa barabara mjini Dakar wakisubiri mabibi wa Kizungu waje kuchagua. Bibi anapofika wote wanamkimbilia na kumzingira, isipokuwa Diouana, na ni yeye anayechaguliwa. Utulivu wake ndio uliompendeza mwajiri, na utulivu uleule unageuka kuwa kosa mara tu anapofika Ufaransa na kukuta kwamba yeye, aliyeajiriwa kulea watoto, sasa ni mpishi, dobi na mfagizi.

Hata hivyo, ipo kasoro ambayo siwezi kuifumbia macho. Mawazo ya Diouana tunayasikia kwa Kifaransa fasaha, na sauti ile si ya Mbissine Thérèse Diop anayemwigiza, bali ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji kutoka Haiti. Kwa hiyo katika filamu inayolalamikia kuporwa kwa sauti ya mwanamke, mwanamke mwenyewe amesemewa. Naamini Sembène aliliona jambo hilo, kwa kuwa tangu mwaka 1968 alianza kutengeneza filamu zinazozungumza Kiwolofu, na katika Xala ya mwaka 1975 alimweka Rama, binti anayemjibu baba yake kwa Kiwolofu kila anaposemeshwa kwa Kifaransa, na anayezabwa kofi kwa kumwambia kwamba mwanamume mwenye wake wengi ni mwongo. Lakini katika filamu hiyohiyo mke wa tatu, msichana anayeozwa kwa baba huyo tajiri, karibu hasemi lolote. Anavuliwa, anavishwa, anatazamwa. Najua mwongozaji alikusudia kuonyesha jinsi anavyouzwa, ila ningependa kujua msichana huyo aliwaza nini usiku ule wa harusi, na filamu hainiambii.

Moolaadé, ya mwaka 2004, ndiyo iliyonifanya nirudi kuzitazama zote. Wasichana wanaokimbia kukeketwa wanajificha kwa Collé Gallo Ardo Sy, naye anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni. Kamba ile ni hirizi ya hifadhi, hakuna awezaye kuivuka, na neno la kuiondoa linaweza kutamkwa na Collé peke yake. Mtu wa mkoa wa Mara, ambako wasichana hukimbilia nyumba salama kila msimu wa ukeketaji unapokaribia, hahitaji kufafanuliwa hofu iliyomo katika ua ule.

Sembène hakuwaweka wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Mangariba ni wanawake wenye mavazi mekundu wanaoheshimiwa na kuogopwa, na mama wa wasichana wale wanakuja mlangoni kuwadai watoto wao. Wazee wanaamuru redio za wanawake zikusanywe na kuchomwa mbele ya msikiti, kwa kuwa wanaamini ndizo zinazowaharibu wake zao. Mume wa Collé, mtu mpole anayempenda, anashurutishwa na kaka yake kumchapa mkewe hadharani mpaka atamke neno. Mjeledi unapanda na kushuka, baadhi ya wanawake wanamtaka aseme, wengine wanamsihi asiseme, na Collé anasimama bila kutoa neno. Kimya kilichompatia Diouana ajira ndicho hiki ambacho kijiji kizima kinashindwa kukivunja.

Wakati watu wote wametazama mjeledi, mama mmoja anamwiba bintiye kutoka ndani ya ua na kumpeleka kwa mangariba, na mtoto anakufa. Ni baada ya kifo hicho ndipo wanawake wengi, pamoja na mama huyo, wanapohamia upande wa Collé.

Binti yake Collé, Amasatou, hakukeketwa. Kijiji humwita bilakoro, neno la kumdharau mwanamke wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo uchumba wake na kijana aliyerudi kutoka Paris umetiwa doa. Mwishoni anasimama mbele ya wanaume na kulitamka neno hilo kwa kinywa chake, kwamba yeye ni bilakoro na atabaki kuwa bilakoro.