Kisiki kimetoka!

Kisiki cha uani kimeng'oka leo jioni, kwa sururu, shoka, mtaimbo na kamba tu.

Kilichosaidia zaidi ni shina kuachwa na urefu wa mita 1 hivi mti ulipokatwa. Ukilikata usawa wa ardhi, huna tena pa kushika wala pa kuvutia.

Chimba mtaro kulizunguka, nusu mita kutoka kwenye shina. Kwanza hakikisha hapo hapapiti bomba la maji wala waya wa umeme!

Mizizi ikionekana, imwagie maji uoshe udongo. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa shoka limekuwa butu. Mchanga ndio unaokula makali. Kila mzizi ukate sehemu mbili, utoe kipande cha katikati, upate nafasi ya kuchezesha shoka.

Kikitikisika bila kutoka, kuna mzizi wa chini kabisa umeshika. Vuta shina kwa kamba upande mmoja, mwenzako aukate ukiwa umekazwa. Ule mlio unapoachia, jamani, raha tupu!

Shimo ujaze udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ukiishindilia, la sivyo patatitia mvua ikinyesha.

Nyie mnaoacha visiki vioze vyenyewe, huwachukua muda gani?